Mzazi wa Njiti si Mgeni wa Saa Kumi

(Hotuba kwa wauguzi, wakunga, masheha, maimamu na familia, Chake Chake, Pemba, kuelekea Siku ya Watoto Njiti Duniani, 17 Novemba)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, masheikh wetu, madaktari, wauguzi, wakunga, wahudumu wa afya wa jamii, mama zetu na baba zetu, na nyinyi wazazi mliokuja na vichanga vyenu kifuani. Nyinyi wa mwisho ndio tunaotaka kusema nanyi kwanza, kwa hiyo mliokaa nyuma kule, sogeeni. Mtoto akilia wakati wa hotuba hapana tabu. Tumezoea.

Kwenye milango ya wodi nyingi za watoto wachanga mahututi hubandikwa karatasi: kuona wagonjwa ni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya ami, wifi na jirani aliyepita na machungwa yake. Lakini ikazoeleka mpaka mama mwenyewe akageuzwa mgeni. Anaingia saa kumi, anasimama hatua mbili mbali na mwanawe, anaulizwa kama ameleta nepi, kisha anatolewa na wengine. Sisi tunaona hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika. Mzazi wa njiti ana kazi wodini usiku na mchana, tangu mtoto anapoingia hadi anapotoka, akitoka kifuani kwa mama yake au akitoka ndani ya sanda. Kazi hizo ndizo tutakazozitaja.

Kwanza tuelewane njiti ni nani. Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Uzito ni jambo jengine: chini ya gramu 2,500 ni uzito pungufu, chini ya 1,500 ni pungufu sana. Mtoto anaweza kutimiza miezi yake yote akazaliwa na gramu 2,100 kwa sababu kondo la nyuma halikumlisha vizuri. Huyo si njiti, ila baridi na njaa humwandama vilevile. Na ile imani kwamba wa miezi saba huishi na wa minane hafui dafu, iacheni hapa hapa ukumbini. Kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto mapafu, ubongo na mafuta chini ya ngozi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Tanzania nzima, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kufikisha siku 28. Wengi wao huondoka kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya siku zao, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na uambukizo. Mawili kati ya hayo mikono ya mzazi inayagusa kila saa.

Tuingie kwenye joto, maana hapa ndipo sisi watu wa visiwani tunapojidanganya. Wakati wa kaskazi, watu wazima tunatokwa na jasho hadi kanga inaganda mgongoni, basi mtu huuliza: kitoto hiki kitaonaje baridi? Kinaona. Ngozi yake ni nyembamba kama ya kitunguu, mafuta chini yake hana, na kwa ukubwa wake ana ngozi nyingi ya kupotezea joto. Akizaliwa na maji mwilini, feni ikipita juu yake, ndani ya dakika chache ameshuka. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, anachoma sukari yake ajipashe. Sukari ikiisha, anachoka kupumua. Akichoka, anasahau kuvuta pumzi. Kwa hiyo mtoto aliyefika kwetu na tatizo la kupumua, mara nyengine tatizo lake la kwanza lilikuwa feni ya chumba cha kuzalia.

Huna kipimajoto? Tumia mgongo wa kiganja chako. Gusa nyayo za mtoto, kisha tumbo. Nyayo baridi na tumbo vuguvugu: ameanza kupoa, mpashe sasa. Nyayo na tumbo vyote baridi: hiyo ni hatari, mwite muuguzi huku umeshamweka kifuani.

Kifua hicho ndicho mashine yetu ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache, yale masanduku ya kupashia watoto joto, na watoto wengi, uambukizo ukipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Akawarudisha watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia mwenye mfuko tumboni. Wako wanaodhani limetokana na kanga, na tukisema kweli wangekuwa na haki, maana hakuna kitambaa kinachoifanya kazi hiyo vizuri kuliko kanga. Kwa miaka mingi tulikuwa tukingoja mtoto atulie kwanza ndipo tumfunge. Mwaka 2021 zilitoka habari za utafiti uliofanywa kwenye hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila ya kungojewa watulie, walifariki 12 katika kila 100. Waliosubirishwa walifariki karibu 16. Tofauti ilikuwa wazi kiasi cha kuusimamisha utafiti kabla ya muda wake, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Sasa, namna ya kumfunga. Mama avae gauni linalofunguka mbele, kifua wazi. Mtoto avuliwe vyote isipokuwa nepi, kofia na soksi. Awekwe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, mikono imekunjwa, miguu imepanuka mfano wa chura. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuliwe kidogo. Kisha kanga: ikunjwe kwa urefu, pindo la juu lifike chini ya sikio la mtoto, lile la chini lishike makalio. Ikazwe pale penye kifua cha mtoto, ilegezwe tumboni, kwa sababu njiti anapumua kwa tumbo. Fundo lipigwe ubavuni au mgongoni, lisimguse. Mama akisimama, mtoto asiteleze hata kidogo.

Panapoharibika ni hapa. Kidevu kikidondokea kifuani, njia ya hewa inajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na mtoto anabadilika rangi kimyakimya bila ya kulia. Pindo likiwa juu mno linafunika pua. Na kosa linalofanyika zaidi kuliko yote: kumweka nusu saa, kumtoa, kumweka tena. Kila kumtoa ni kumpoza. Chini ya saa moja usimfungue, ila kwa nepi au dharura. Usiku mama alale nusu ameketi, mito miwili mitatu mgongoni.

Mama ana mshono, ana presha, bado yuko chumba cha upasuaji? Kifua cha baba kina joto lilelile. Cha bibi pia, cha shangazi pia. Wanaume wa kwetu wanaona haya kukaa kifua wazi mbele ya wake za watu, na haya hiyo ni ya kuheshimiwa: wekeni pazia. Pazia la mita tatu ni rahisi kuliko inkubeta. Baba akoge, asiwe amevuta sigara, manukato makali ayaache nyumbani. Na akifika, mpeni nafasi aadhini. Wengi hawajui kwamba inaruhusiwa. Ananawa, anainama, anaadhini kwa sauti ya chini sikioni. Hata aliye kwenye oksijeni hapatwi na kitu. Tahniki, yaani kumtia mtoto tende laini kinywani, ndiyo isubiri hadi daktari aseme tumbo limekuwa tayari, na asali isitiwe kabisa kinywani mwa mtoto asiyefikisha mwaka.

Wazee wetu wa Unguja wanakumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Kifua hakikati umeme. Tunaisema kwa sababu bado wako wanaoiona kangaruu kuwa ni dawa ya maskini.

Maziwa nayo yana hesabu, na hesabu hiyo mama anatakiwa aijue kwa kichwa. Aanze kukamua ndani ya saa 6 za mwanzo baada ya kujifungua, mapema zaidi akiweza, hata kama mtoto hajaanza kulishwa. Kwa siku nzima akamue mara 8 hadi 12, usiku asiache, maana titi lisilokamuliwa usiku linahesabu kwamba halihitajiki. Kikombe kichemshwe. Mikono kwa sabuni. Kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu, visukumwe kwanza nyuma kuelekea mbavu, kisha vibanwe, vilegezwe. Msivute chuchu wala msiteleze vidole kwenye ngozi. Kinachopatikana hapo ni michubuko tu. Dakika tatu hadi tano titi hili, kisha lile, kisha urudi, jumla nusu saa. Siku ya kwanza yatatoka matone ya manjano, dang'a, pengine mililita 2 tu. Yavuteni na bomba la sindano yasipotee kwenye kikombe. Mama anayetazama matone yale akasema "sina maziwa" aonyeshwe tumbo la mwanawe lina ukubwa gani.

Chukulieni mtoto wa gramu 1,200. Kwa kuanzia, kama daktari ameamua mililita 80 kwa kila kilo kwa siku, ni mililita 96, zikigawiwa kila saa 3 ni 12 kwa mlo. Siku hadi siku zinapanda mpaka kufika 150 kwa kilo, yaani kama 22 kwa mlo. Mama akiijua hesabu hii, akiona mlo umerukwa atauliza. Chini ya wiki 32 hadi 34 mtoto hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, ndiyo maana tunatumia mrija. Bomba la sindano liondolewe kisukumio, liinuliwe sentimita 10 hivi juu ya mtoto, maziwa yashuke yenyewe kwa dakika 10 hadi 15. Kuyasukuma kwa haraka kunamtapisha, na matapishi yakiingia mapafuni kazi inaanza upya. Hii ni kazi ambayo mama anaifanya vizuri baada ya kufundishwa mara mbili tatu, muuguzi akishahakikisha mrija umekaa mahali pake. Tumbo likivimba na kung'aa, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, msilishe tena. Mwiteni daktari hapo hapo.

Maziwa yaliyokamuliwa, kwa joto letu, yasikae nje zaidi ya saa 4. Na pale mama hana, akaja mwanamke mwengine kumsaidia, kwanza vipimo vyake, kisha andikeni jina lake kwenye faili na ijulishwe familia. Watoto hawa watakuwa ndugu wa kunyonya. Miaka 20 ijayo mtu atakuja kuposa, na hilo daftari ndilo litakaloulizwa.

Uzito: siku za mwanzo utashuka, kwa njiti hata zaidi ya asilimia 10, na unarudi kwenye uzito wa kuzaliwa kati ya siku 10 na 14. Mwambieni mama kabla hajauona kwenye mizani. Baada ya hapo tunataka kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku.

Ile mashine inayotokota maji mnayoiona ubavuni mwa kitanda, inayotisha watu, si mashine ya kukata tamaa. Mapafu ya njiti hayana ule utando wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visigande. Kama puto, pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Sasa yeye kila pumzi ni ya kwanza. Mashine inamsukumia hewa kidogo ili puto lisisinyae lote. Mrija wa kutolea pumzi umezamishwa kwenye chupa ya maji, kwa kawaida sentimita 5 hadi 8, na mapovu ndiyo ushahidi. Mapovu yakisimama, hewa inavuja pahala: kijiti kimetoka puani, mdomo umefumbuka, mpira umechomoka. Muuguzi mmoja ana watoto 15. Mama ana mmoja. Mwambieni: "Ukiona mapovu yamekoma, niite, usingoje nipite." Na oksijeni isiachwe juu kwa kudhani nyingi ni bora, mtoto aliye kwenye oksijeni kipimo cha oksijeni ndani ya damu yake kikae asilimia 90 hadi 95. Ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya macho. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 au chini ya wiki 32 apimwe macho akifika wiki ya nne, hata kama anatazama vizuri.

Mkono: pete itoke, saa itoke, sabuni hadi kwenye kiwiko, na simu isishikwe tena baada ya kunawa. Kitovu kikae kikavu, basi. Hapa hapa Pemba, kwa kazi ya Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, ulifanywa utafiti wa dawa ya kitovu kwa watoto zaidi ya 36,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2016. Hata dawa yenyewe ya hospitali haikuonyesha tofauti ya uhakika katika vifo. Seuze majivu na mafuta ya taa.

Kuna safari yetu sisi wa Pemba, ya kuvushwa kwenda Unguja. Boti ikienda upesi ni saa mbili na kitu, lakini hesabuni kutoka kitanda hadi kitanda: gari, bandari, kungoja, bahari, bandari tena, gari tena. Wekeni saa 5. Mtoto anayetumia lita 1 ya oksijeni kwa dakika anahitaji lita 60 kwa saa, 300 kwa safari. Bebeni 600, kwa sababu boti haina duka. Asafiri kifuani, si kwenye kikapu. Mrija wa kulishia ufungwe vizuri, maziwa ya mlo mmoja yawe tayari, kadi ya kliniki na karatasi ya rufaa viwe kwa mtu mmoja anayejulikana. Na msimkalishe mama kwenye kile chumba cha mbele chenye kiyoyozi, watu wakidhani wanamheshimu. Kile chumba kinapoza samaki. Mama akibaki kwa sababu ya mshono, aendaye na mtoto awe na simu yenye chaji na ampigie mama kabla ya kumpigia mtu mwengine yeyote.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi mmekuja kulisikia na hamkutaka kuliuliza.

Wako watoto ambao hatuwezi kuwazuia. Likikaribia, mama aambiwe likikaribia, si likishapita. Kwa mila yetu habari ya msiba inaanza kwa wanaume. Baba anaitwa kwenye korido, anaambiwa amesimama, halafu wazee wanashauriana: mwanamke ana mshono, asiambiwe bado, tutamwambia akifika nyumbani. Nia ni nzuri. Matokeo yake ni mama anayeamka saa tisa za usiku, anakamua, anafunika kikombe kwa kisahani, anakipeleka mlangoni, na muuguzi anakipokea kwa sababu hakuna aliyemruhusu kusema. Kikombe kile kinapokewa mara mbili, mara tatu. Akija kujua, atahesabu vikombe.

Kwa hiyo semeni nao pamoja, baba na mama, au mama na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kaeni kwenye viti, pazia limefungwa, simu imezimwa. Ulizeni kwanza wamefahamu nini mpaka sasa. Kisha semeni neno lenyewe: "amefariki." "Hali imebadilika" si habari, na "amepumzika" mama wa njiti ataelewa kwamba mwanawe amelala. Tajeni jina la mtoto, au semeni "mwanao". Nyamazeni. Kama akili haikupokea, rudieni tena kwa maneno yaleyale. Deni la dawa na karatasi za kutia saini vina saa yake, na si hii.

Andikeni kwenye faili, kwa saa na dakika, kama mtoto alilia, alipumua au alitikisika. Wauguzi, msione ni maneno ya karani. Sheikh atakapofika swali lake la kwanza ni hilo: alilia? Aliyeonyesha uhai, hata pumzi moja, anakoshwa, anavikwa sanda, anasaliwa na kuzikwa kama mtu mwengine, na uhai huo una athari hata kwenye mirathi. Aliyetoka bila ya dalili ya uhai baada ya miezi minne ya mimba naye anakoshwa, anavikwa na kuzikwa. Suala la kumsalia mwachieni imamu wenu, wapo hapa na wanajua kuliko sisi. Kwetu lililo muhimu ni kwamba jibu litoke kwenye kitabu cha wodi, lisiwe la kukisia. Aliyezaliwa hai akafariki anasajiliwa kuzaliwa na kufariki, vyote viwili, kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Kabla hajatoka, muuguzi ndiye anayeondoa mirija, si familia. Plasta ilowekwe kwa maji ya vuguvugu au mafuta, isivutwe, itabeba ngozi. Pale sindano ilipotoka pabanwe kwa pamba dakika kadhaa, maana damu inaendelea kuvuja na itachafua sanda. Bibi atakayemkosha aambiwe mapema kwamba ngozi ni laini: maji yamiminwe kidogokidogo, asisugue, atumie pamba. Na aelezwe kwamba rangi ya zambarau mgongoni ni damu iliyoshuka, hakuna aliyempiga. Swali hilo lisipojibiwa wodini, linazunguka mtaani mwaka mzima.

Mama asimame wapi katika haya? Kwetu wanawake hawendi makaburini. Baba na ami wanambeba kitoto mikononi, wanatoka nacho, na mama amebaki kitandani namba fulani. Kama hakumshika wodini, hatamshika tena. Basi mpeni. Mfungeni kwenye kanga ya mama mwenyewe, mumpe kiti. Mwelezeni kwanza atakachokiona: atakuwa baridi, midomo imebadilika rangi. Asiyetaka asilazimishwe, lakini aulizwe mara ya pili baada ya muda, kwani jibu la kwanza huwa la mshtuko. Nusu saa ya mama haicheleweshi maziko. Kaburi bado linachimbwa. Wako wanaopenda kubaki na kitu: utepe wa jina wa mkononi, kofia, alama ya unyayo kwa wino wa muhuri. Picha ulizeni, wengine hawataki kabisa, na wana haki yao.

Siku ya pili hadi ya nne maziwa yatajaa. Hili halisemwi, na linamkuta mama ndani ya siku za kilio, chumba kimejaa watu. Kanga isikazwe kwa nguvu kifuani, inaziba mirija na kuleta jipu. Avae sidiria inayoshika, aweke kitambaa kilicholowekwa maji baridi, ameze paracetamol, na titi likiuma akamue kidogo, kiasi cha kupata nafuu, asilimalize. Kwa wiki moja au mbili yatapungua. Homa, au sehemu nyekundu ngumu yenye kuuma, arudi hospitali. Dawa ya kukausha maziwa ipo, lakini mwenye presha ya mimba asiimeze bila ya daktari. Na presha hiyo haikuzikwa na mtoto: aendelee kupimwa hadi arobaini na zaidi. Masheha na wahudumu wa jamii, mkiona kwenye orodha yenu kwamba mtoto amefariki, msiifute nyumba. Mzazi bado yupo ndani.

Mnaokwenda kutoa mkono wa pole, tunawaomba maneno matatu myaache mlangoni. "Mungu atakupa mwengine": yeye alikuwa anamtaka huyu. "Afadhali hukumzoea": amembeba miezi saba, na wiki tatu amemfunga kifuani. La tatu, "usilie". Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye hajaachishwa ziwa, alitokwa na machozi, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi mlieni pamoja. Ulizeni jina la mtoto mlitaje. Pelekeni uji, fueni nguo, chukueni watoto wakubwa skuli. Baba naye atazamwe, amechimba kaburi asubuhi na jioni anapanga viti. Na mama ikipita wiki mbili hali, halali, au anasema hana haja ya kuishi, hiyo si kazi ya maneno ya mavyaa. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa nyinyi mnaorudi nyumbani na watoto hai, dalili za kurudisha mtoto ni hizi: hanyonyi kama jana, anatikisika degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabuni dakika nzima, si nusu mkazidisha), kifua kinabonyea, wa moto au wa baridi, viganja na nyayo vya manjano. Manjano hayaponi kwa jua la dirishani. Na udi, ubani na moshi wa kuni visiingie chumba anacholala. Mapafu yale yametoka juzi kwenye chupa ya maji.

Tumesema mengi. Kwenye meza ile kuna kanga doti tatu na doli tulilolijaza mchanga hadi gramu 1,400. Kila mmoja atalifunga kifuani na kutembea nalo hadi mlangoni na kurudi. Kinababa watangulie.